Waliojileta Pichani

Jumamosi ya soko, saa nne asubuhi, Jescah Navalayo alitoa ndoo ya vibanio vya nguo na kuanza kutundika picha za wiki kwenye kamba iliyofungwa kutoka nguzo moja ya baraza hadi nyingine. Zilikuwa kumi na moja. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu na kufunga mdomo, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya studio ile: siku ya soko picha husemwa, na aliyezipiga hasemi.

Sheria hiyo ilitungwa na Mzee Joash Wanyonyi, mwenye studio, aliyejifunza kazi jeshini huko Burma na kurudi Kakamega na kamera, kikohozi na tabia ya kutomsifu mtu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alipenda kusema, na kwa miaka miwili Jescah hakuwa amepata sababu ya kutia hata tone. Mpita njia yeyote, awe muuza kuku au karani wa wilaya, aliruhusiwa kusimama mbele ya kamba. Kwanza alitakiwa aseme anachokiona, halafu aseme kinachomuuma. Baada ya hapo alipewa chai, kwa hiyo wasemaji hawakukosekana.

"Naona bibi harusi," alisema mama mmoja mwenye kikapu cha mrenda. "Naona na bwana harusi. Na huyu ni senje wao wa Khwisero, dada ya baba, yule walikataa kualika. Inaniuma vile amebanwa hapo pembeni kama mwavuli."

Senje huyo hakuwa amekanyaga harusini. Alishinda kwake Khwisero akipalilia maharagwe, na majirani walimwona. Lakini picha za Jescah zilikuwa hivyo tangu alipoanza: mtu aliyestahili kuwepo alijileta. Baba aliyefariki miaka sita iliyopita aliingia kwenye picha ya ubatizo wa mjukuu wake, amevaa koti la mvua. Mke wa kwanza alitokea kwenye picha ya harusi ya mke wa pili, ameketi, amekunja miguu, hana haraka. Mji ulishazoea. Waliotaka picha ya watu wanne tu, wasizidi, walipigwa na Mzee Joash. Wenye watu wao wa mbali walimwendea Jescah.

Mzee Joash alingoja wapita njia wapungue, kisha akavaa miwani.

"Kosa lako si kwamba wanakujanga," alisema. "Kosa lako unapanga wale wako mbele yako peke yake. Ni kama kusonga obusuma ya watu watatu na unajua shemeji zako wako njiani. Waachie nafasi. Na miguu, Jescah. Kila siku unakatanga watu miguu."

Jescah aliitikia kwa kichwa. Aliumia kila Jumamosi, tusidanganyane, na zipo siku alizolia katika chumba cha giza, mahali ambapo machozi hayaonekani ila yanaharibu dawa ya kuoshea picha. Lakini sheria ilikata pande zote mbili. Mzee naye alitundika zake, na Jescah alilazimika kuzisema. Mara ya kwanza alisema anachokiona tu, akaishia hapo. Mara ya pili alisema, "Naona watu sita wamevaa vizuri. Inaniuma kwamba hakuna mmoja anayemjua mwenzake." Mzee alikohoa kwa muda mrefu, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, na wiki iliyofuata watu wake walianza kusogeleana.

Bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijamaliza mwaka. Huko Lugari, shamba la Mzungu ambaye kila mtu alimwita Bwana Kofia lilikuwa limenunuliwa ili ligawiwe, na kamati ya kuligawa ilitafuta mpiga picha wa kuajiri moja kwa moja. Angepewa kamera mpya, angepelekwa kwa gari, na chini ya kila picha lingechapwa jina lake. Kwanza, hata hivyo, angejaribiwa kwa picha moja, na picha hiyo ingetumwa Nairobi. Jescah aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Baba yake, huko Musanda, alikuwa amempa hadi Krismasi. Baada ya hapo angerudi nyumbani kupalilia na kungoja posa.

Siku ya kutoa barua za mashamba, Jescah aliwapanga watu thelathini na wawili mbele ya nyumba ya Bwana Kofia: kumi na wawili wa kamati wameketi, ishirini waliopewa mashamba wamesimama na barua zao. Upande wa kushoto aliacha nafasi ya watu wawili, kama alivyoelekezwa. Alijiona amekomaa.

Picha ilipooshwa, ile nafasi ilikuwa imejaa. Mbele alisimama mjane mmoja, Mama Nanjala, na ndoo ya maziwa mkononi. Nyuma yake vilionekana vichwa juu ya vichwa hadi kwenye ua. Hao walikuwa wakamuaji, wapaliliaji na wachungaji wa Bwana Kofia. Wengine walizaliwa palepale shambani. Upimaji wa shamba ulipoanza waliambiwa wahame, kwa sababu majina yao hayakuwa kwenye orodha, na walihama. Ukingo wa picha ulimkata mjane yule magotini.

Jescah aliitundika Jumamosi kama nyingine zote. Saa tano hivi Mama Nanjala mwenyewe alipita na gunia la viazi vitamu kichwani, kutoka Navakholo, ambako siku hizi alilala jikoni kwa kaka yake. Alisimama. Aliweka gunia chini.

"Naona mimi," alisema, akifuata sheria. "Naona ndoo yangu, ile niliacha kwa zizi." Akainama, akatazama tena. "Mwanangu, umenipiga vizuri. Sura ni yangu. Inaniuma tu vile umenikata miguu. Mimi nimekaa hiyo shamba miaka kumi na tisa. Nimekamua, nimezaa, mzee wangu nimemzika hapo. Sasa mtu akiona hii picha atasema, huyu mama amesimama wapi? Anaweza sema nimesimama kwa barabara, napita tu."

Jescah hakuruhusiwa kujibu. Alimpa chai vikombe viwili.

Jumatatu alikuja Bwana Barasa, katibu wa kamati, mtu mcheshi mwenye kupenda picha na kupenda kuwamo. Naye aliifuata sheria bila kuambiwa.

"Naona kamati. Naona mimi mwenyewe, nimependeza. Naona Mama Nanjala na watu wa maziwa. Hawajambo?" Akajikuna kidevu. "Inaniuma wamekuwa wengi. Hii ni ya kwenda Nairobi, dada. Wakubwa watauliza hawa ni akina nani, na kwa orodha hawako. Funika kombe mwanaharamu apite. Wapunguze kidogo, na kazi ni yako."

Jescah alichukua kisu cha kukatia picha na kuondoa ule upande wa kushoto. Watu wa maziwa wakasogea kulia, wakajipenyeza katikati ya viti vya kamati. Alipokata upande wa kulia walirudi kushoto. Alipokata juu, walichuchumaa. Bwana Barasa alisimama begani pake akimshauri, "Hapo, hapo, sasa umewapata," hadi picha ikabaki saizi ya kiberiti, na ndani yake alikuwemo Mama Nanjala, ndoo yake, na sikio moja la mwenyekiti. Bwana Barasa alikubali kwamba hiyo haikuwa njia.

"Alhamisi tunarudi kuonyeshwa vigingi vya mipaka," alisema akivaa kofia yake. "Piga nyingine. Lakini hiyo ndiyo ya mwisho."

Alipoondoka, Mzee Joash alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Naweza enda nikupigie," alisema hatimaye. "Kwangu wanakuja wale wamesimama mbele peke yake. Wewe andika jina lako chini. Nani atajua?"

Ilikuwa zawadi kubwa kutoka kwa mtu asiyetoa zawadi, na Jescah aliibeba moyoni siku nzima ya Jumanne. Aliiwaza akifagia, akichanganya dawa, akila. Alijiona ndani ya gari la kamati, kamera mpya shingoni. Aliiona pia Musanda, na jembe, na wajumbe wa posa wameketi kwa baba yake wakisifia chai. Jumatano asubuhi alikuwa ameamua.

"Mzee, asante. Lakini siwezi weka jina yangu kwa picha haina wenyewe. Nitairudia mimi. Nitaipiga pana, na miguu yao."

Mzee Joash aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na stendi yake ya miguu mitatu aliyorudi nayo kutoka vitani, ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuigusa, na kuiegemeza ukutani karibu na begi la Jescah.

Siku ya Alhamisi, Jescah aliwapanga wale thelathini na wawili kwenye vigingi, kisha akawageuzia mgongo na kuanza kutembea. Alikwenda hatua sitini, akapanda juu ya kichuguu na kusimamisha stendi.

"Dada!" Bwana Barasa alipaza sauti. "Kutoka huko utatuona kweli?"

"Nitawaona wote!"

Walingoja apige. Hakupiga. Aliuangalia mteremko kulia, akauangalia kushoto, akangoja kama mwenye nyumba anayengoja wageni wamalize kuketi. Mwenyekiti alipoanza kulalamikia jua, ndipo akabonyeza.

Walikuja wote. Katikati ilikaa kamati na watu wa barua, kila mmoja nadhifu, na kuwazunguka walisimama watu mia moja na wanne, wengine na majembe, wengine na watoto mgongoni, pamoja na ng'ombe saba ambao Bwana Kofia alikuwa ameshawauza. Hakuna aliyembana mwenzake. Marehemu mume wa Mama Nanjala alisimama karibu na kaburi lake, mikono nyuma. Mama Nanjala alikuwa mbele kushoto, peku, na vidole vyake vyote kumi vilihesabika kwenye udongo.

Jumamosi kamba ilibeba picha hiyo moja tu. Mama Nanjala alikuja, akatua gunia, akatazama kwa muda wa chai kupoa.

"Naona miguu yangu," alisema. "Naona baba watoto, amekonda, lakini ni yeye. Kwa picha hakuna kitu kinaniuma, mwanangu. Ile inaniuma iko Lugari."

Mzee Joash aliikaribia hadi pua ikakaribia kuigusa. Alianza na pembe, akashuka hadi miguuni, akapanda tena. Alikohoa.

"Haina makosa," alisema, akaingia ndani upesi.

Jescah alilia palepale barazani, mchana kweupe, mbele ya wauza mboga, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Bwana Barasa naye aliipenda. "Sasa hii imetulia," alisema. "Kila mtu amepata mahali pake. Ile ya kwanza ilikuwa msongamano." Aliituma, na baada ya wiki tatu Nairobi ilijibu kwamba picha ilionyesha vizuri jinsi wananchi walivyojitokeza kwa wingi. Jescah aliajiriwa. Baba yake alipopata habari alichinja kuku, akawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyemshauri.

Nakala kubwa ilitundikwa ukutani katika ofisi ya kamati. Makarani waliwasalimu waliomo kila asubuhi, "Mulembe," kabla ya kufungua madirisha, na kabati moja lilisogezwa kwa sababu lilikuwa likiwazibia ng'ombe mwanga. Siku moja Mama Nanjala aliingia, akajieleza kwa heshima, akaomba jina lake liangaliwe. Karani alimpa kiti. Alifungua orodha, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Hapa haupo, mama," alisema, kisha akaonyesha ukutani, uso wake umechangamka. "Lakini si uko pale? Tena mbele kabisa."

Mama Nanjala aligeuka, akajitazama amesimama shambani kwake. Alikubali kwamba yuko pale. Alimshukuru karani kwa kiti, akaondoka kabla ya mvua ya alasiri ili awahi Navakholo.

Jescah alikuwepo, kamera mpya shingoni. Alimwendea Bwana Barasa, akamwomba majina ya walio pichani yaandikwe kwenye orodha, hata kwa penseli. Bwana Barasa alisikitika kwa dhati. Orodha ilifungwa, alisema, na mambo ya picha yalikuwa ya idara nyingine. Jescah aliona aibu na kiburi cha kazi vimemjia pamoja kama wageni wawili, na hakujua ampe nani kiti kwanza.

Shamba lililofuata kugawiwa lilikuwa kubwa mara mbili ya lile la Bwana Kofia. Jescah alipima, akapiga hesabu ya hatua, akaona kwamba hata kichuguu hakingetosha. Aliandika barua ya kuomba lenzi pana, na pale palipotakiwa sababu akaandika: watakaokuja ni wengi kuliko walioalikwa. Bwana Barasa aliisoma, akasema hilo ni kweli kabisa, akatia sahihi papo hapo. Lenzi ilifika baada ya siku tisa, imefungwa vizuri kwenye boksi lenye pamba, na gari likampeleka Jescah kwenye shamba la pili, ambako orodha ilikuwa imeshafungwa.