Malalamiko Dhidi ya Moyo wa Tak Gyeong-ran

Jumamosi alasiri Tak Gyeong-ran alikuwa ameketi sakafuni jikoni kwake, ghorofa ya kumi na mbili, akimenya vitunguu saumu, pale Bwana Guk wa ofisi ya jengo alipobisha hodi na kipima kelele mkononi. Mzee wa ghorofa ya kumi na moja alikuwa amelalamika kwa mara ya nne. Alisema kuna mtu anadunda juu yake kutwa nzima, kama anatwanga.

"Una watoto wanaokimbia humu, dada?"

"Sina."

"Mashine ya mazoezi?"

"Ningekuwa nayo ningekuwa na umbo hili?"

Bwana Guk hakucheka. Alielekeza chombo sakafuni, ukutani, kwenye jokofu, na mwisho kifuani kwa Gyeong-ran. Kikasoma hamsini na moja. Akamwomba atembee hadi mlangoni na kurudi, kikasoma sitini. Fomu yake ilikuwa na nafasi za watoto, samani, ala za muziki na wanyama wa kufugwa. Moyo haukuwemo. Alifikiri kidogo, akauandika kwenye wanyama wa kufugwa.

"Uvalishe kitu kizito," alisema, "na jioni usiuchokoze."

Gyeong-ran alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alikagua fremu za miwani, zamu ya usiku, katika kiwanda kimoja hapo jijini Daegu. Tangu akiwa na miaka ishirini na miwili alijua kwamba ovari zake zimejaa vifuko vidogovidogo. Hedhi yake ilikuja ikijisikia. Kidevuni zilimwota ndevu chache, ambazo alizing'oa kila jioni kabla ya kazi. Hayo alikuwa ameyazoea. Moyo ulianza kusikika mwezi wa kumi: kwanza aliusikia yeye, kisha paka wa jirani, kisha kiwanda kizima. Wapakiaji wakaanza kupakia kwa kufuata mapigo yake, na msimamizi akafurahi, maana kazi ilikwenda mbio kuliko zamani.

Jumatatu alikwenda kwa Daktari Seok wa kliniki ya wanawake, aliyemtibu kwa miaka kumi na saba. Ilibidi daktari apaze sauti.

"Ovari zako ni zilezile! Umeolewa?"

"Bado."

"Basi hatuna haraka. Punguza kilo kumi. Siku ukitaka mtoto, uje."

"Na huu moyo, daktari? Ngazi zinanishinda. Taya linaniuma."

Kalamu ya daktari ilikuwa ikibingirika mezani kwa mdundo. Aliidaka bila kuitazama. "Moyo si idara yangu," alisema. "Mimi mambo yangu ni ya chini."

Kwenye kliniki ya moyo alipewa fomu iliyouliza amezaa mara ngapi. Akaandika sifuri. Waliojibu sifuri walielekezwa ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kutia sahihi. Daktari wa huko, kijana mwenye nywele zilizopakwa mafuta, aliweka vipokea sauti masikioni, akavitoa papo hapo akijisugua sikio.

"Una nguvu sana huu," alisema. "Wewe ni mwanamke, hata arobaini hujafika. Wagonjwa wangu ni wazee wa kiume wavuta sigara. Una mawazo?"

"Sasa ninayo."

Presha yake ilisoma mia moja sabini. Daktari akasema mashine imechanganywa na kelele.

Mama yake alikuja kutoka kijijini na beseni la majani ya kujifukiza.

"Dawa ya kizazi hii. Vua, ukalie mvuke."

"Mama, ni moyo unaoniuma, si kizazi."

"Moyo wa mwanamke ukidunda hivyo unamwita mtu. Kuna mgane mmoja kule Yeongcheon, daktari wa ng'ombe. Sikio lake moja halisikii."

"Halisikii?"

"Ndiyo maana nikamfikiria yeye."

Mwisho alipanda mlalamikaji mwenyewe. Mzee Maeng alikuwa amestaafu shirika la reli, alikokagua magurudumu ya treni kwa kuyagonga na nyundo na kuyasikiliza. Alisimama mlangoni, viatu mkononi.

"Binti, sikuja kugomba. Kelele nimeshazizoea. Lakini moyo wako unaruka. Kila baada ya mapigo saba, moja halipo. Nakaa na kijiko hewani nalingoja. Gurudumu likilia hivyo tulikuwa tunalitoa relini siku hiyohiyo. Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda mbili."

"Wamesemaje?"

"Nipungue, kisha niolewe."

Mzee Maeng alitafakari. "Kwani gurudumu bovu linaozwa?" aliuliza, akashuka.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, kabla ya adhuhuri, jengo lilitulia. Watu walitoa vichwa madirishani, wakaona ni raha. Bibi wa ghorofa ya tisa alipata usingizi wa kwanza wa mchana tangu Oktoba. Bwana Guk aliandika "limetatuliwa" kwenye faili, na dakika tatu baadaye lifti ilikuwa na tangazo la kumshukuru mkazi wa ghorofa ya kumi na mbili kwa ustaarabu wake.

Mzee Maeng alihesabu hadi nane, akahesabu tena, akapanda ngazi peku. Alimkuta Gyeong-ran chini, mgongo kwenye jokofu, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Akapiga simu ya dharura, kisha akamlaza na kuanza kumkandamiza kifua kwa mdundo uleule aliokuwa akiulalamikia. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika walimpokea kazi hiyo. Moyo ulirudi wakiwa ndani ya lifti, usawa wa ghorofa ya tisa, na tangazo likadondoka.

Hospitali waliuzibua mshipa mmoja wa moyo na kuuwekea kibomba cha waya cha kuushikilia wazi. Nesi aliyembadilishia dripu alisoma faili lake, akamwambia kwamba wenye ovari za namna hiyo hupimwa presha, sukari na mafuta ya damu mapema, maana madhara hupanda hadi kwenye moyo.

"Hukuambiwa?"

"Na nani?"

"Na mmojawapo," nesi alisema, akaandika joto lake.

Mwezi wa tatu alipeleka barua ya hospitali kwa Daktari Seok. Moyo ulikuwa umerudia sauti yake yote, ila sasa haukuruka. Daktari alisoma barua mara mbili.

"Kwa moyo huu siwezi kukushauri ubebe mimba!" alipaza sauti.

"Sikuomba mimba, daktari."

"Basi huna tena sababu ya kuja kwetu." Alifunga faili kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Na ovari? Si ndizo zilizonifikisha hapa?"

"Hizo sasa hazina kazi, dada. Ziache zipumzike."

Muuguzi alichungulia, akamwinamia Gyeong-ran.

"Samahani sana. Chumba cha pili kuna mama mwenye mimba ya wiki kumi na mbili. Mume yupo, na bibi za pande zote mbili wapo, wanataka kusikia moyo wa mtoto. Wewe ukiwa hapa hawausikii. Ungetusaidia ukasogea kule kwenye lifti?"

Gyeong-ran alichukua koti lake. Alisimama karibu na lifti, mkoba ameukandamiza kifuani kwa mikono yote miwili, akipumua polepole kama alivyofundishwa hospitali. Baada ya muda ukasikika nyuma ya mlango moyo mdogo, mwepesi, wa haraka. Watu walipiga makofi. Mmoja wa wale bibi alilia kwa furaha.

Muuguzi alitoa kichwa, akamshukuru kwa ishara ya mkono, akafunga mlango.