Mlimani Hakusimamwi

Kwenye reli ya kiwanda kile cha saruji kulikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani na kila dereva aliijua: mlimani hakusimamwi. Ukitoka machimboni na mabehewa ya mawe, unachukua mbio tangu bondeni, unapiga honi, anayependa roho yake anapisha, na hupumui mpaka ufike juu kwenye mashine ya kusaga. Kichwa cha treni cha zamani, walichokiita Kikongwe, kiliendeshwa kwa gia na klachi. Ukikisimamisha katikati ya mlima, unapojaribu kuondoka tena klachi inaungua na mabehewa yanaanza kurudi yalikotoka. Sheria hiyo aliitunga mzee mmoja, dereva mkuu, na hakuwahi kuivunja. Aliionea fahari kuliko alivyowaonea watoto wake, na watoto wenyewe walijua.

Sasa, mzee huyo alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe wa kwanza, na mkwe huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana. Ndiye pia aliyesema karakana inaweza kuunda kichwa chake yenyewe, tena kisicho na klachi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akajikaza kisabuni. Yeye na mafundi wake walikata vyuma, wakachomelea fremu, wakapachika injini ya dizeli, kisha kati ya injini na magurudumu wakaweka bakuli kubwa la chuma lililojaa oili. Ndani yake mlikuwa na mapanga mawili, kama ya feni, yasiyogusana. Injini inazungusha panga la kwanza, panga linasukuma oili, oili inazungusha panga la pili, na nguvu ya hilo la pili ndiyo inayokwenda magurudumuni. Bakuli la kwanza lilivuja. La pili lilichemsha oili mpaka rangi ya nje ikababuka. La tatu lilipotulia, fundi mkuu alilia mbele ya mafundi wake wote na hakuona aibu yoyote.

Kichwa chenyewe mafundi walikiita Bibi Harusi, kwa kuwa kilikaa ndani muda mrefu na kila siku watu waliambiwa kitatoka kesho.

Nyumbani alijaribu kumweleza baba mkwe. Aliweka feni mbili mezani zikitazamana, akawasha moja, na ile iliyozimwa ikaanza kuzungushwa na upepo wa mwenzake. Mama mkwe alifurahi, akasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mzee akajibu kwamba hiki bado hakijaelea, kisha akauliza kwa upole kabisa kama feni zitavuta mawe. Mkwe akazirudisha feni mahali pake.

Meneja wa kiwanda hakuzunguka mbuyu alipotoa sharti lake. Bibi Harusi asimame katikati ya mlima, mabehewa yakiwa yamejaa, halafu aondoke bila kusukumwa. Akishindwa, fremu itakatwa iwe chuma chakavu, na karakana irudi kuziba matundu ya mabehewa. Mafundi walitaka dereva mwingine, yeyote yule asiye mzee. Fundi mkuu alikataa katakata. Alijua kwamba mzee asipokiamini kichwa hiki, hakuna dereva atakayekiamini, hata kikipanda ukuta.

Basi asubuhi ya majaribio wakapanda wawili, baba mkwe kwenye wenzo na mkwe pembeni yake. Bondeni mzee akachukua mbio kama kawaida yake, akapiga honi. Katikati ya mlima palisimikwa nguzo nyeupe, na meneja alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma.

"Baba, tusimame pale," fundi mkuu alisema.

Mzee alijifanya hakusikia. Nguzo ilikuwa inakuja mbio. Tangu aolewe, mwanamke huyu hakuwahi kumwambia baba mkwe wake jambo mara mbili, na alijivunia adabu hiyo. Alipiga moyo konde.

"Baba, simamisha. Hapa si nyumbani."

Mzee alimtazama, kisha akavuta breki. Mabehewa yaligongana moja baada ya jingine, yakanyamaza. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee shingoni.

"Haya, mama. Nimevunja sheria yangu. Sasa?"

Alimwambia aongeze moto kidogo, aachie breki taratibu, halafu asubiri oili ishike. Mzee akafanya hivyo. Injini ikanguruma, kichwa hakikusogea. Kwa Kikongwe, hapo ndipo dereva anaposukuma wenzo wote na kumwomba Mungu, na mkono wa mzee ulikwisha anza safari hiyo. Fundi mkuu akaushika. Mkwe kumshika baba mkwe mkono! Lakini aliushika, tena kwa nguvu, na wote wawili wakangoja.

Hapakuwa na mshtuko wowote. Nguzo nyeupe ilianza tu kupita dirishani, taratibu, ikaishia nyuma yao, na mabehewa yakafuata bila kelele. Huko chini mafundi walirusha kofia juu na kukumbatiana. Fundi mkuu alivimba kwa fahari mpaka kile chumba cha dereva kikawa kidogo.

Walipokaribia kabisa kilele, pahali ambapo hakuna aliyewatuma kusimama, mzee akavuta breki.

Meneja alipanda mlima akikimbia, tai begani, akiuliza kwa pumzi za mwisho ni nini kimeharibika. Mzee akatoa kichwa dirishani.

"Hakijaharibika kitu," alisema. "Pisha hapo, mwanangu. Mimi na fundi wangu tunataka kuondoka tena."