Ukuta Niliounyoosha

"Hakuna haja ya kutuma wapimaji," alisema Mwenye Magodoro, kama tulivyomwita mwenye ghala la jirani, akasimama na kufunga kifungo cha koti. "Ukuta wenyewe upo hapo nje, kwenye korido. Umeshapewa na cheti."

Afisa wa majengo aliinua macho kutoka kwenye faili. Shangazi, aliyekaa kulia kwangu, aligeuka akanitazama. Nami nikajikuta nakichunguza kiatu changu cha kushoto kwa makini ambayo kiatu kile hakikuwahi kuyapata tangu kinunuliwe. Picha iliyotundikwa koridoni ilikuwa yangu. Niliipiga mimi, nikaitengeneza mimi, na jina langu lilikuwa chini yake kwa herufi kubwa zisizo na haya.

Karani akatumwa kuileta. Wakati anahangaika kuitoa kwenye msumari, nilipata nafasi ya kukumbuka jinsi nilivyojiingiza matatani kwa miguu yangu mwenyewe.

Miezi mitano kabla ya kikao kile nilikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa nzima nilitazama watu walioshika mashavu. Nikatamani kutazama kitu kingine, nikanunua kamera iliyokwisha kutumika, nikaanza kupiga picha majengo. Nilichagua majengo kwa sababu hayapepesi macho wala hayakuombi uyaonyeshe yalivyotoka. Tatizo ni kwamba yote yalitoka yamelala. Posta iliinamia kushoto, benki ikainamia kulia, na kliniki yetu ilijilaza chali kama inangoja kung'olewa jino.

Ndipo nikajiunga na kundi la wapiga picha waliokutana kila Jumamosi. Mwalimu wetu tulimwita Rula, na alilijua jina hilo na kulifurahia. Alitufundisha kuacha kuweka kila kitu katikati ya picha, kungoja jua la pembeni linaloamsha matofali, kusogea hatua mbili ili nguzo ya umeme isiote juu ya paa. Lakini mapenzi yake hasa yalikuwa kwenye kompyuta. Unachora mstari juu ya kitu kinachotakiwa kusimama wima, programu inaizungusha picha nzima mpaka mstari usimame, kisha unakata kingo zilizobaki zikining'inia.

"Jengo halilewi," alizoea kusema. "Aliyelewa ni mshika kamera."

Maneno hayo yaliniingia kwa urahisi kuliko nilivyojua. Mimi nililelewa na shangazi tangu nikiwa na miaka saba, na shangazi yangu ni fundi cherehani ambaye huona upogo wa mtu kabla ya kumwamkia. "Bega lako la kushoto limeshuka," humwambia mteja mlangoni, halafu ndipo amkaribishe. Nilikua nikijua kwamba kitu kikipinda mahali nilipo mimi, basi aliyekipinda ni mimi. Rula alinithibitishia tu, tena kwa upole.

Shangazi alishonea katika chumba cha chini cha nyumba yetu. Mlango wake ulifunguka kwenye uchochoro mwembamba, na ng'ambo ya uchochoro ulisimama ukuta mrefu wa ghala la magodoro. Asubuhi moja jua lilipenya uchochoroni kwa dakika kumi hivi, matofali yakawa mekundu, na shangazi akatoka mlangoni na mkasi wake shingoni, ukining'inia kwenye utepe kama kawaida yake. Nikabofya.

Nilipoifungua picha kwenye kompyuta, ukuta ulikuwa umeinama. Nilijikasirikia sana. Miezi miwili ya mafunzo, na bado mkono wangu unayumba! Nikachora mstari kwenye pembe ya ukuta, programu ikazungusha digrii nne, ukuta ukasimama imara. Ardhi na nyumba yetu zikawa zimekaa vibaya, kwa hiyo nikazikata. Sikujiuliza kwa nini zilikaa vibaya. Nikahifadhi, nikafuta ya awali maana kompyuta ilikuwa imejaa, nikaiita picha ile "Uchochoro Asubuhi".

Rula aliipenda mpaka akavua miwani. Kundi letu lilifanya maonyesho kwenye korido ya ofisi za mji, picha yangu ikashika nafasi ya pili, na ikaachwa pale ipendezeshe mahali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Wakati huohuo shangazi alikuwa akilalamika. "Ule ukuta unanijia," alisema, kwanza mara moja kwa wiki, kisha kila siku. Mimi, mshindi wa pili, nilimletea nakala ya picha.

"Tazama, shangazi. Umenyooka."

Alivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. Aliutazama ule ukuta kwenye picha kwa muda mrefu.

"Basi ni macho yangu," alisema.

"Ni umri, shangazi," nilimwambia. Nilimwambia hivyo kwa huruma kabisa, na jioni nikamnunulia dawa ya matone.

Wiki ile alirudisha kitambaa cha gauni la harusi kwa mama wa bibi harusi. Miaka thelathini na mbili alikuwa hajarudisha kazi ya mtu. Alisema kuanzia sasa atashona foronya na mapazia, vitu vinavyosamehe. Kila asubuhi aliinua kichwa nikamtia matone, na mimi nikajiona mtoto mwema.

Kisha tofali likadondoka uchochoroni, hatua tatu kutoka mlangoni kwake. Shangazi alisema macho yake yanaweza kumdanganya lakini tofali halimdanganyi mtu, akaandika barua ya malalamiko kwa mkono wake. Kikao kikapangwa. Afisa alitakiwa kuamua jambo moja tu: atume wapimaji kabla mvua hazijaanza, au alifunge faili. Mvua zilikuwa wiki mbili mbele yetu.

Karani aliiweka picha mezani, ameiegemeza kwenye rundo la majalada. Afisa alitoa rula yake ndogo, akaisimamisha sambamba na ukuta.

"Kweli," alisema. "Umenyooka sana."

"Na aliyepiga ni mtoto wao wenyewe," alisema Mwenye Magodoro. "Mimi simo."

Afisa akachukua kalamu.

Shangazi aliinama mbele akaikazia macho picha. "Huyu hapa ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, shangazi."

"Mbona nimeinama? Nimeegemea nini?"

Nikatazama. Tangu niipige nilikuwa nimeutazama ukuta tu. Shangazi wangu, ambaye hata msibani hakai bila kunyoosha mgongo, alikuwa amelala upande pale uchochoroni. Mkasi wake, badala ya kuning'inia wima, ulikuwa umening'inia mshazari. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja: ukuta, matone, gauni la harusi. Nikiri hapa kwamba kwa pumzi mbili tatu nilichokuwa nakiwaza ni cheti changu.

"Mheshimiwa," nilisema nikisimama, "huo ukuta niliunyoosha."

"Mmesikia!" alidakia Mwenye Magodoro. "Ameshaunyoosha mwenyewe! Tatizo limekwisha."

"Uliunyoosha kwa kutumia nini?" aliuliza afisa.

"Kwa kompyuta."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Karani alilazimika kutoka nje. Afisa aliniuliza iko wapi picha ya awali, nikasema niliifuta, akaniuliza kwa nini, nikasema kompyuta ilijaa. Mwenye Magodoro akasema waziwazi kwamba namtetea shangazi yangu, na kwamba mtu anayeweza kunyoosha ukuta kwa kompyuta anaweza pia kuupinda kwa mdomo.

Shangazi hakucheka wala hakunitazama. Aliinuka, akauvua utepe shingoni mwake, maana mkasi ule haumwachi hata akienda hospitali, akaushika mbele ya picha. Mkasi ukayumba, ukatulia. Mkasi wa mkononi ulielekea sakafuni. Mkasi wa kwenye picha ulielekea kwenye kiti cha karani.

"Mimi sijui kompyuta," alisema. "Lakini mkasi najua unavyoning'inia."

Afisa alisimama. Akaishika fremu kwa mikono miwili, akaanza kuizungusha polepole, kidogo, kidogo tena, mpaka mikasi miwili ikawa sambamba. Shangazi wa kwenye picha alinyooka taratibu, mgongo wake ukarudi kuwa ule ninaoufahamu. Na ukuta, ule ukuta mwekundu uliovikwa cheti, ukainama juu ya kichwa chake.

Hakuna aliyecheka.

"Labda," alisema Mwenye Magodoro kwa sauti ndogo, "utepe ulikuwa umekunjamana."

"Kaa chini," alisema afisa.

Wapimaji walifika alasiri ileile. Waliutazama ukuta, wakatazamana, na kabla hata ya kufungua mikoba yao wakatuomba sote tutoke uchochoroni. Siku sita baadaye ukuta ulikuwa umeshushwa tofali kwa tofali, na magodoro yamehamishwa. Rula alinijia kliniki ana kwa ana, bila hata kuumwa jino, akaniomba nirudishe cheti. Fremu aliniachia.

Lakini nasogea mbele mno. Siku ya kikao, tulirudi nyumbani kwa miguu, shangazi mbele, mimi nyuma nimebeba mkoba wake. Tulipofika mlangoni aligeuka.

"Umri, eh?" alisema.

"Nisamehe, shangazi."

"Miezi mingapi unanitia yale maji machoni?"

"Miwili."

"Na mimi nikainua kichwa tu, kama kuku anayekunywa maji." Akavuta pumzi. Nilidhani atanigombeza, na ningeshukuru. Lakini aliuchukua mkoba wake mkononi mwangu, akaukumbatia. "Unajua nililia siku niliporudisha kile kitambaa? Nililia nimejifungia, usinisikie."

Sikujua. Nililia mimi sasa, pale pale mlangoni, mtu mzima mwenye ajira, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Kisha alichukua sindano namba ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, akasimama pale uchochoroni, akaitia uzi kwa jaribio la kwanza tu. Akaichomeka kifuani, akatoa simu, akampigia mama wa bibi harusi.

"Kitambaa bado unacho?" aliuliza. "Kilete leo. Ndiyo, nashona mwenyewe. Macho? Mazima kabisa, mama. Nilikuwa nimemwazima kijana wangu, ameyarudisha."

Nikaingia ndani kumsogezea cherehani karibu na mwanga.