Kinyozi wa Uwanja wa Mchoraji

Mimi ni mtembeza wageni, na mdomo ninao. Miaka tisa nimewazungusha watu kwenye uwanja wetu wa kale, ule wenye chemchemi katikati, ambao mchoraji mashuhuri aliuchora mpaka ukajaa kwenye kalenda na makopo ya biskuti. Wenzangu husoma tarehe kama wanaoita mahudhurio. Mimi hutia chumvi kidogo.

Chumvi yangu kubwa ilikuwa hii. Nawasimamisha wageni kwenye ngazi za chemchemi, nashusha sauti, nasema, "Hapa ndipo alipolala mchoraji, kaka yake alipomfungia mlango. Mwenyewe aliandika: 'Kaka yangu wa damu alininyima hata pembe ya kitanda.'" Wageni hufuta macho. Kisha nawaonyesha kinyozi wa pale kwenye kona, kaka mwenyewe, mzee wa watu na aproni yake nyeupe, nao humkata jicho. Yeye huinama tu na kuendelea kunyoa. Nilijiambia ana kiburi.

Jana makumbusho yalipokea barua za mchoraji, nikapewa nizisome. Ya kwanza tu ilinikata maini. "Kaka amenipa kitanda chake," ameandika, "na mwaka wa kumi na moja huu yeye analala kwenye kiti cha wateja. Mgongo wake umepinda kwa ajili yangu, wala hanung'uniki." Yale maneno ya pembe ya kitanda niliyatunga mimi, siku moja nikisubiri kundi lililochelewa. Niliona aibu hata ya kujitazama kwenye kioo cha ofisini.

Leo asubuhi, kabla wageni hawajafika, nikaingia kwa kinyozi. Alikuwa ananoa wembe. Mgongo wake umepinda kweli. Miaka yote hiyo nimeuona na sikuwahi kujiuliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umekuja peke yako?"

"Nimekuja kuomba radhi. Yale ninayoyasema pale nje..."

"Ni kazi yako, mwanangu. Unasema aliyoyaandika, basi."

"Hakuyaandika, baba. Niliyatunga mimi."

Nilijiandaa kutukanwa. Kusema kweli nilitaka kutukanwa, ingenipunguzia. Lakini yeye aliweka wembe mezani, akauliza taratibu, "Hakuandika?"

"Hakuandika. Aliandika hivi." Nikamsomea barua ile, na nilipofika kwenye mgongo nikapotea mstari. Ikabidi nianze tena.

Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kuna siku nilimfokea," akasema. "Siku moja tu, nilikuwa nimechoka. Nikamwambia atoke akalale nje. Hata saa haikuisha, nikamfuata nikamrudisha. Sasa niliposikia unawaambia watu kwamba ameandika, nikajua ni ile siku. Nikasema, kumbe mdogo wangu alikufa na kinyongo na mimi."

"Nisamehe, baba."

Alivua aproni, akachukua koti msumarini, akahangaika na vifungo. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja.

"Miaka tisa sijakanyaga kaburini kwake," akasema. "Niliogopa kumuudhi."