Wakazi wa Filta ya Hewa

Usiku wa kuamkia leo nimeota pikapu letu limelazwa.

Msinicheke. Hilo pikapu ndilo linalotulisha. Linakusanya maziwa vijijini Bahi na kuyaleta Dodoma mjini, na leo asubuhi Chiduo wa vyuma chakavu alikuwa anakuja kulichukua. Mume wangu Nyemo ndiye aliyemwita. "Injini imekufa, Mama Sechelela," aliniambia jana tukila. "Kilima kidogo tu linahema, na petroli linakunywa kama ng'ombe." Nililala nikiliwazia.

Basi ndotoni nipo kwenye benchi la zahanati, pikapu limekaa pembeni yangu, limejifunika khanga yangu.

"Mama, kifua kinabana," linasema.

"Pole, baba. Kimeanza lini?"

"Vumbi lilipoanza."

Muuguzi anatoka. Ni tochi yetu ya jikoni, imevaa kofia nyeupe. Inanieleza kwamba haina sindano wala vidonge, kazi yake kuangaza tu. Mwanga ukipita kwenye filta ya hewa, mgonjwa anaruhusiwa. Usipopita, filta inabadilishwa.

"Twende tukaangalie," inasema, na papo hapo zahanati haipo. Tumesimama mbele ya filta yenyewe, kubwa kuliko soko, ina marinda kama sketi ya shule. Mlangoni pamejaa viatu. Nami nikavua ndala zangu, maana sikulelewa kuingia kwa watu na viatu.

"Hodi!" mwanga wa tochi unaita.

"Hakuna nafasi," anajibu mtu ndani.

Kweli haipo. Kila rinda ni mtaa wa vumbi. Vumbi la Bahi limejenga, la Chipanga linasonga ugali, la njia ya mnadani linagombania kiwanja. Mwenyekiti wao, vumbi jekundu lenye kitambi, ananipa kigoda.

"Karibu, mama. Sisi tunakufahamu. Wote tumepanda gari lako."

"Ahsante. Nimekuja kuwaomba mpishe hewa. Injini yangu imekufa."

"Haijafa. Haipumui tu. Hebu ziba pua upande kilima."

Nikaziba. Kilima kikaja chenyewe mpaka miguuni pangu, nikajaribu, nikaishia chini kabisa. Jamani, nililionea huruma pikapu langu! Siku zote hizo linapanda hivyo hivyo, na maziwa ya watu mgongoni.

"Lakini Nyemo huwa anawakung'uta!" nikafoka. "Kila Jumapili anaipiga filta kwenye tairi mpaka mkono unamuuma."

Mtaa mzima ukaangua kicheko.

"Kumbe ni yeye! Mama, ile ni ngoma yetu ya Jumapili. Wachache wanadondoka, sisi wengine tunazidi kuingia ndani."

"Na kitabu cha gari kinasema muda wa kubadilisha filta bado," nikamwambia.

Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Kuna aliyewahi kukiona kitabu huku Bahi?" Hakuna. "Kitabu kinakaa kwenye lami, mama. Kwenye vumbi inabidi uangalie mwenyewe, tena mapema. Mwanga ukikataa kupita, utuhamishe pamoja na nyumba yetu. Hatuna kinyongo, wenyewe tumechoka kubanana."

Haijafa! Nilifurahi mpaka nikasahau kuaga. Nikatoka mbio kulipelekea pikapu habari njema, nikajigonga kichwa kwenye ukuta wa chumbani.

Kumekucha. Honi inalia nje. Nyemo amesimama mlangoni na funguo.

"Amka, Chiduo kafika."

Nikapapasa uvunguni mwa kitanda. Ndala ilikuwa moja, ya kulia.

"Mpe chai kwanza," nikamwambia. "Funguo lete."

Nikapitia tochi jikoni, nikatoka mguu mmoja peku. Nikafungua boneti. Boksi la filta lilikuwa bado limefungwa kwa waya ule ule aliouzungusha Nyemo Jumapili. Nikaufungua, nikainua filta mbele ya tochi. Giza tupu.

"Haipumui tu," nikasema. "Umeona?"

Nyemo hakuwa anaangalia filta. Alikuwa ameinamia boksi. Humo ndani, pembeni, ilikuwepo ndala yangu ya kushoto, imevuliwa kwa adabu, ncha ikielekea nje.

Akaitazama, akautazama waya, akanitazama mimi. Kisha akageukia uani.

"Chiduo, ndugu yangu," akaita, "kunywa chai taratibu. Gari haliuzwi. Ila ukitoka, nipitishe duka la spea."

Nikaikung'uta ndala, nikaivaa.