Mizizi ya Mkuu wa Wilaya

Dorika alikuwa kwenye benchi la ofisi ya Mkuu wa Wilaya akimenya karanga, tume ilipofika kumwondoa mwenye ofisi. Kosa lilijulikana: pampu ya kisima cha kijiji cha kina Dorika ilikuwa ikimwagilia alizeti za mheshimiwa. Dorika alikuwa ametoa ushahidi, na sasa alitaka kurudi nyumbani na pampu.

"Simama, mheshimiwa," alisema mwenyekiti wa tume.

Mkuu wa Wilaya hakuweza. Miguu yake ilikuwa imeota mizizi iliyopasua vigae na kuzama ardhini. Mhudumu alieleza kuwa ilianza wiki ile ya kuapishwa; yeye hufagia kwa kuizunguka.

Akaitwa Simeoni, mdogo wake Dorika, aliyezoea kung'oa visiki katika vichaka vya Itigi. Aligonga sakafu kwa kisigino.

"Ardhi kavu hii. Kisiki hulowekwa kwanza."

Kijiji kikaleta maji yake ya kunywa, ndoo baada ya ndoo. Kesho yake udongo ulikuwa umelainika, na Mkuu wa Wilaya alikuwa amechipua majani mabichi nyuma ya masikio.

Simeoni alikata mzizi wa kwanza. Mwenyekiti wa tume akapiga yowe, akashika paja.

"Kumbe huu ni wako?" Simeoni aliuliza.

"Jaribu mwingine."

Shoka lilipougusa wa pili, simu ya mwenyekiti ikaita. Aliipokea amesimama wima. "Ndiyo, mheshimiwa. Pole sana, mheshimiwa." Akaifunika kwa kiganja. "Huo msiuguse."

"Na huu mnene?"

Mwenyekiti aliutazama ulivyoelekea mashariki, kwenye barabara ya Dodoma, akaomba shoka litolewe nje.

"Dada," Simeoni alisema, "huyu hang'oki peke yake."

Ripoti ilisema Mkuu wa Wilaya ameonywa vikali. Na kwa kuwa akikauka wengi wataugua, vijiji vikapangiwa zamu za kumwagilia. Zamu ya Dorika ni Alhamisi. Huchimba mchanga wa korongo mpaka maji yatoke, akayabeba kichwani hadi ofisini.

"Shikamoo, mama," Mkuu wa Wilaya humwamkia.

"Marahaba. Pampu yetu?"

"Inashughulikiwa."

Dorika huinama, akamimina maji taratibu shinani, yasipotee bure.