Majina ya Waliovuka Mpaka

Runinga ya inchi sitini na tano ndiyo iliyokuwa fahari ya Chrispinus, na kama ingekuwa na shingo angeivalisha tai. Aliinunua upande wa Kenya, akaivusha mpaka kwa mkokoteni huku anatembea kando yake kama anasindikiza bibi harusi, akaitundika ofisini ikitazama dirisha kubwa la barabarani. Busia ya Uganda yote ijue kwamba hapa kuna watu wa kompyuta.

Auma, mfanyakazi wake, hakubisha. Alikuwa binti wa kijijini Kwapa, umri miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kuichunga programu inayochunga programu nyingine. Kampuni yao ilitengeneza mfumo wa kliniki: mgonjwa akivuka mpaka kuchukua dawa, kumbukumbu zake zinamfuata. Programu ya ufuatiliaji nayo ilikaa macho usiku na mchana. Mfumo ukikohoa tu, mstari mwekundu unatokea kwenye runinga na Auma anakimbia. Siku hiyo, saa nane mchana, wauguzi wakuu wa kliniki kumi na moja walikuwa wanakuja kutazama na kuamua kama watajiunga. Wakikubali, Auma anapewa mkataba wa kudumu. Wakikataa, anarudi Kwapa kupalilia mihogo, na mihogo ya mama yake haijawahi kumpa mtu likizo.

Saa nne na dakika tano asubuhi, chai ikiwa mdomoni, akasikia vicheko nje. Waendesha boda boda walikuwa wamejipanga dirishani kama siku ya fainali. Mbele yao Olupot, bingwa wa maneno wa stendi nzima, alikuwa anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Etyang! Ya Sikuda! Nakwenda Kenya kuchukua dawa! Eh, kwani Sikuda dawa nakwisha?"

Chai ikampalia Auma.

Akageuka. Kwenye runinga, kwa herufi za kusomeka hadi ng'ambo ya barabara: jina, namba ya simu, kliniki, dawa. Chini yake jina la pili, la mama mmoja wa Buteba.

Mjinga aliyefanya vile hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Auma, anakohoa chai. Ijumaa mfumo ulishindwa kutuma ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa siku ya dawa, na ili aone kasoro iko wapi, Auma aliiamuru programu ya ufuatiliaji iandike kila kitu bila kuficha neno. Kisha akasahau kuirudisha. Na kasoro yenyewe, sasa aliiona, ilijua kuchagua watu: kliniki za Kenya zilikuwa zinakataa namba za simu za Uganda. Kwa hiyo walioanikwa dirishani ni wale wale waliovuka mpaka ili jirani asijue wanameza nini.

Akafungua kompyuta yake atazame foleni. Ujumbe unaofuata ungejaribiwa saa nne na dakika kumi. Aliisoma namba, akaisoma tena. Namba ile huwa anaipigia kila jioni, mwenyewe aje amchukue na pikipiki.

Olupot.

Zilibaki dakika tatu. Rimoti ilikuwa mfukoni mwa Chrispinus, na Chrispinus alikuwa amekwenda kupokea wageni. Waya wa runinga fundi aliupitisha ndani ya ukuta, eti kwa urembo.

"Tokeni hapo!" Auma akapiga kioo.

"Injinia, mpira naendelea!" Olupot akajibu, akasogea karibu zaidi.

Auma akaruka hadi kwenye swichi kuu nyuma ya mlango, akaiteremsha. Runinga ikafa. Nje miluzi na masikitiko, lakini hakuna aliyeuliza sababu. Umeme ukikatika Busia, mtu huuliza unarudi lini tu.

Sasa kazi. Kompyuta ilikuwa na betri asilimia thelathini na moja, na intaneti aliivuta kwenye simu yake. Akaisimamisha foleni, akafuta majina mawili kwenye hifadhi, kisha akaandika amri: jina, simu na dawa vigeuzwe nyota kabla havijatoka kwenye mashine ya kliniki. Kuficha kwenye runinga peke yake ni sawa na kuoga uso tu. Alipoifuata njia ya kwenda ofisi yao ndogo ya Busia ya Kenya, akakuta jambo jingine, akampigia simu mwenzake wa huko.

"Fidel! Cheti cha mashine yako kimekwisha muda tangu Februari. Mbona bado inaongea na yangu?"

"Si nilizima ule ukaguzi wa vyeti? Kwa muda tu."

"Miezi minane, Fidel!"

"Sasa si bado ni muda, Auma? Tulia, bana."

Cheti ndicho kitambulisho cha mashine. Bila ukaguzi, yeyote angeweza kukaa katikati, akajiita Auma, akapokea majina ya wagonjwa bila hata kusema asante.

"Poa," Fidel akasema, "nitupie ufunguo wa siri kwa grupu ya WhatsApp kama kawaida."

Na kweli ilikuwa kawaida. Umeme ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili hushika kazi, kwa hiyo tangu mwanzo funguo za siri zilitupwa kwenye grupu ili kila mtu awe nazo. Grupu ilikuwa na watu arobaini, akiwemo fundi wa jenereta na mama anayewaletea chakula cha mchana.

"Kawaida imekufa leo. Tengeneza ufunguo mpya kwenye mashine yako, na usitoke humo. Nitumie ombi la cheti tu, nilitie sahihi. Na unisomee alama zake kwa mdomo, nijue ni lako."

"Zote?"

"Zote!"

"Haya. Nne, b ya Babra, saba, f ya Fidel mtanashati..."

"Soma, wewe!"

Betri asilimia kumi na tisa. Kumi na moja. Moyo wa Auma ulidunda kwa hofu na pia, aibu kusema, kwa raha. Akatia sahihi, Fidel akaweka cheti, ukaguzi ukawashwa, funguo zote za zamani zikafutwa kazi. Asilimia sita. Njia ikawa ya kijani.

Mlango ukafunguliwa. Chrispinus, na wageni wote nyuma yake, wameuwahi muda kwa saa mbili nzima.

"Umeme tena?" Akachungulia saluni ya jirani, ambako mashine za kukausha nywele zilikuwa zinanguruma. "Mbona kwa Babra upo?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi wa Auma, umevaa na kuchana nywele. Akamkumbuka Etyang wa Sikuda.

"Nimezima mimi, Bosi."

Akaeleza yote mbele ya wageni, ila jina la tatu alilimeza. Chrispinus akabadilika rangi kama anayesomewa hukumu. Muuguzi mmoja mrefu wa upande wa Kenya, Sista Loice, akavua miwani.

"Yalionekana majina mangapi?"

"Mawili, Sista."

"Wenyewe wanajua?"

"Bado. Leo hii nawafuata niwaambie."

"Tutakwenda wote. Sasa washa. Halafu rudia kosa lile lile, tuone."

Auma akapandisha swichi. Waendesha boda boda wakarudi dirishani mbio. Akausukuma ule ujumbe uliokuwa unafuata kwenye foleni. Mstari mwekundu ukatokea, na wageni wote wakainua shingo.

Nyota. Jina nyota, simu nyota, dawa nyota. Kilichobaki ni saa, namba ya kliniki, na sababu: simu ya Uganda imekataliwa.

"Injinia! Hii mtu ya nyota ni nani?" Olupot akapiga kelele, pua imebanwa kwenye kioo.

"Hata mimi siambiwi!"

Sista Loice akacheka, akaomba fomu ya kujiunga na kalamu. Wenzake wakaanza kupanga foleni nyuma yake.

Auma hakungoja. Sababu ilikuwa mbele ya macho. Akarekebisha mstari mmoja ili namba za Uganda zikubaliwe, akausukuma ujumbe upya. Mstari mwekundu ukatoweka.

Nje, simu ikalia mfukoni mwa Olupot. Akaitoa, akasoma, akairudisha haraka. Utani ukamkauka.

"Nakwenda Kenya kidogo," akawaambia wenzake, akawasha pikipiki.

Auma akainamia kibodi yake, macho chini, kama mtu ambaye hajaona kitu.